Jino Ndani ya Tibbet

Hester Ludlow hakuwa mtu wa watoto. Kelele zao zilimchosha, pua zao zilimkirihi, na hata hivyo kila Alhamisi alikwenda kwa hiari yake kukaa katikati yao, kwenye ukumbi wa watoto wa maktaba, mbele ya kabati la kioo. Alipanda treni kutoka Queens, akashuka Manhattan, akapanda ngazi za kituo ameng'ang'ania chuma huku akimlaani kila meya aliyewahi kuahidi lifti. Akifika hukaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimgusa kidevu, na kutazama.

Kabatini mlikuwa na wanasesere watatu: Kapteni Moss, kiboko wa ngozi mwenye meno ya mbao, Nettie, mwanakondoo wa magurudumu, na katikati yao Tibbet, bata bukini wa kitambaa, shingo imelegea, jicho moja kifungo cha koti. Ambrose Ludlow aliwatungia vitabu, wao na mwanawe Julian, na vitabu hivyo vikaenda kila nyumba. Mpaka leo kuna wazazi wanaovisoma kwa sauti mpaka wao ndio wanaolala.

Hester ni binti wa Ambrose huyohuyo. Vitabuni hayumo. Tafuta utakavyotafuta, hata apite mlangoni na ndoo, hayumo.

Na Tibbet alikuwa wake.

Alishonewa na mama yake alipougua surua, akamburura kwa shingo miaka mitatu, ndiyo maana shingo ile haikusimama tena. Kisha baba akahitaji bata kwenye hadithi. Akamchukua, akamweka kitandani kwa Julian, na Hester alipolia akaambiwa, "Hadithi inabeba mtoto mmoja, Hester. Wawili wanaizamisha." Wageni walipomsikia akidai bata wake, baba alicheka na kuwaambia kuwa ni wivu wa mdogo mtu. Basi akanyamaza. Lakini kunyamaza si kusahau, na Hester kwa kuweka kinyongo hakuwa na mpinzani New York nzima.

Majira yale ya baridi Tibbet aliondolewa kwenda kutengenezwa, kwa kuwa nondo walishaanza kumla. Hester aliendelea kuja, akakaa mbele ya pengo. Alhamisi moja ya Februari akakuta ukumbi umejaa, watoto wamebanana kwenye kioo, na Pilar Escobedo, mkutubi wa watoto, akimpungia mkono toka mezani kwake. Pilar alikuwa mwanamke wa Bronx, mdomo haukai, na alikuwa mtu pekee aliyemsemesha Hester wiki nzima ukimtoa mwenye duka la mboga. Jina la ukoo la Hester, Pilar hakulijua.

"Bibi Alhamisi! Mgonjwa wako karudi!"

"Namwona. Nani kamnyoosha shingo? Amekuwa kama askari wa zamu."

"Usianze, bibi. Kwanza tazama pale chini. Pale kwenye kimto."

Hester akainama. Miguuni pa Tibbet kulikuwa na kimto cha mahameli, upana wa kiganja, na juu yake kitu cheupe kidogo. Kibandiko kilisema: *Jino la Julian Ludlow, lililokutwa ndani ya Tibbet.*

"Si unaikumbuka ile sura ya kitabuni?" Pilar alikuwa akichekelea kama aliyepata bahati nasibu. "Julian aking'oka jino, badala ya kuliweka chini ya mto anampa Tibbet, maana Tibbet hana hata moja? Mwenzangu, kumbe ni kweli! Mafundi walimfungua watoe pamba iliyoliwa, jino likadondoka mezani. Watu wazima walilia."

Desturi ya kule, jino la mtoto halirushwi juu ya paa kama la kwetu. Mtoto hulilalia, na usiku kichimbakazi wa meno huja kulichukua na kuacha sarafu. Kumnyima kichimbakazi jino lake ni jambo kubwa, na ndiyo maana sura ile ilipendwa kuliko zote. Mbele ya kioo msichana mmoja alikuwa amemwonyesha Tibbet fizi zake, amdhihirishie kuwa naye ana pengo.

"Hilo," Hester akasema, "ni jino langu."

"Ehee. Na lile fuvu la tembo kwenye jumba la makumbusho ni la shangazi yangu."

Hester hakucheka. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na Pilar, aliyezoea kuona watoto wakikaribia kulia, akaacha mzaha, akamvutia kiti.

Hester akasema yote. Kwamba anaitwa Ludlow. Kwamba alikuwa na miaka sita alipoanguka kwenye ngazi za mbele ya nyumba, viatu vya magurudumu miguuni, akagonga mdomo kwenye chuma, jino la mbele likameguka pembeni, likaning'inia siku kadhaa ndipo likatoka. Kapteni Moss alikuwa na meno na Tibbet hana, akamhurumia. Julian alimshika bata, yeye akalisukuma jino kwa kidole kwenye tundu la chini ya bawa. Baba alikuwa kitini nyuma ya gazeti. Walidhani hasikii.

"Nani mwingine anajua?" Pilar akauliza.

"Julian."

"Basi si tumpigie tu?"

"Alikufa Aprili iliyopita."

Pilar akaweka kalamu chini, akamtazama.

"Sikwenda kumzika," Hester akasema. "Usiniangalie hivyo. Hukuwapo siku ya baba."

Siku ya kumbukumbu ya baba yao, kanisa limejaa waandishi wa habari, Hester alimshika kaka yake mkono kwenye kibaraza, akamwomba jambo moja tu: leo baba hayupo, sema Tibbet alikuwa wa nani. Julian akaitikia kwa kichwa. Akapanda, akazungumza, akashuka, hakusema. Mwandishi mmoja akamuuliza kuhusu jino, na Julian, akimtazama dada yake juu ya vichwa vya watu, akajibu, "Ni kweli. Niliweka jino langu ndani ya Tibbet." Hester akachukua koti lake. Hawakusemezana tena mpaka kifo, zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka Julian alituma kadi ya Krismasi na kila mwaka Hester akaitia kwenye taka.

"Kwa hiyo sasa niko peke yangu," akasema. "Mimi nikifa, lile jino ni la Julian. Nataka mtu mmoja tu ajue. Mmoja, Pilar. Si mengi hayo."

"Mimi nakuamini," Pilar akasema, na akainuka. "Ngoja nikuletee bwana mkubwa."

Bwana mkubwa alikuwa Thornquist, msimamizi wa maonyesho, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, mpole kiasi cha kuudhi. Alimsikiliza Hester mpaka mwisho, akakitazama kitambulisho chake, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Mwaka huu pekee wamekuja wazee wawili kudai kuwa wao ndio Julian. Sikufananishi nao. Lakini baba yako mwenyewe aliandika kuwa..."

"Baba yangu aliandika pia kuwa kiboko anapiga filimbi."

Pilar akakohoa kuficha kicheko. Thornquist naye akatabasamu, akashindwa kujizuia.

"Jino langu limemeguka pembeni," Hester akasema. "Hapa. Nani atakuwa ameliotea hilo? Halimo kitabuni."

Msimamizi akalitazama kabati. Jino lilikuwa limelala kifudifudi, na taa za mle ndani zilikuwa hafifu ili kitambaa kisichujuke, hivyo kwa nje hapakuonekana kitu. Akafikiri kidogo.

"Njoo Alhamisi ijayo kabla hatujafungua. Tutalitoa tulitazame pamoja. Likiwa limemeguka, kibandiko nitakibadilisha mimi mwenyewe, mbele yako, na jina lako litakaa pale."

Wiki ile Hester hakulala vizuri. Alikuwa na furaha ya aina aliyoisahau. Alipeleka koti lake la buluu kwa dobi. Alipokunywa supu jioni alilijaribu jina lake kwa sauti, *Jino la Hester Ludlow*, akaona aibu ijapokuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Nyumba ile haikuwa na mtu wa kumsikia tangu paka alipokufa.

Na kila alipofungua droo kuchukua kijiko, kitu kiligonga-gonga nyuma huko. Kilikuwa ni kikopo cha peremende za koo, cha bati, kilichoshikwa na kutu. Rosalind, mjane wa Julian, alikituma kwa posta kutoka Oregon baada ya mazishi, pamoja na skafu. Siku Hester alipokipokea, Rosalind alipiga simu: "Kikopo alisema ni chako. Hata mimi hakunifungulia." Hester alijibu ahsante, kavu kama biskuti, akakitikisa, akasikia kitu kidogo kikicheza ndani, akadhani ni kifungo. Mtu anakunyang'anya bata wako, halafu anakurudishia kifungo! Akakitupa kwenye droo ya vijiko na kukiacha humo.

Alhamisi ikafika. Ukumbi bila watoto ulikuwa mkubwa na baridi. Thornquist alikuwa ameshavaa glavu, na mezani kulikuwa na sinia lenye kitambaa cheupe, taa, na kioo cha kukuzia. Pilar alimshika Hester mkono na kumnong'oneza, "Kina mama wa kwetu wangeshawasha mshumaa. Twende."

Msimamizi akaliinua jino kwa kibano, akalilaza chini ya kioo, akampisha.

Hester akainama. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Geuza," akasema.

Akaligeuza.

"Upande ule mwingine."

Akaligeuza tena. Lilikuwa jino dogo, limepiga manjano kidogo, zuri. Kona zake zote zilikuwapo. Lilikuwa zima kama siku lilipoota.

Hester alijua kuwa Pilar anamtazama, na alijua macho yale yanataka nini. Angeweza kusema kuwa umri umelisaga, kwamba mtoto hukumbuka vibaya. Thornquist mwenyewe, kwa upole wake ule, labda angeandika *mmoja wa watoto wa Ludlow* na kila mtu angekwenda kunywa chai. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini mtu aliyekasirikia uongo mmoja maisha yake yote hawezi kuanzisha mwingine uzeeni.

"Si langu," akasema.

"Una hakika, mama?"

"Nimesema si langu. Langu lilimeguka. Hili ni la mtu mwingine."

"Hakuna neno," Thornquist akasema taratibu, na hakuwa na kejeli hata chembe, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. "Ni zamani sana. Kumbukumbu huchanganyika."

"Yangu haichanganyiki."

Lakini ilikuwa imeshachanganyika, au ndivyo ilivyoonekana, na Hester aliona uso wa Pilar ukibadilika. Haukuwa uso wa dharau. Ulikuwa uso wa huruma, ule ambao vijana huwawekea wazee wanaopiga simu kuuliza leo ni siku gani. Mtu mmoja aliyemwamini alikuwa ameacha kumwamini, na hakuwa na wa pili. Akaomba koti lake. Pilar akaenda kulileta.

Akiwa anangoja alisimama chini ya picha ukutani, picha ambayo watu huinunua kwenye duka la ghorofa ya chini ikiwa imechapwa kwenye vikombe. Julian, miaka minane, amemkumbatia Tibbet, midomo ameibana. Kibandiko kilisema kuwa Julian alikuwa mtoto mwenye haya.

"Haya!" Hester akasema kwa uchungu, kwa kuwa ilikuwa lazima amgombeze mtu. "Huyu? Alikuwa akicheka hata kanisani, mpaka tunatolewa nje. Haya gani?"

"Mbona basi hacheki hapo?" Pilar akauliza, akimshikia koti.

Mkono mmoja wa Hester ulikuwa umeshaingia kwenye koti. Wa pili ukabaki hewani.

Akaikumbuka siku ya picha ile. Mpiga picha wa gazeti ameketi sebuleni na baba anamwambia, tutamfungua bata, tumtoe jino, upige picha ya Julian amelishika. Mama anatafuta mkasi. Yeye, Hester, yuko chini ya meza amejifunika kitambaa, anajua jino lake litapigwa picha kwenye kiganja cha mwingine. Na Julian anamnyakua Tibbet, anajifungia naye bafuni. Baba anagonga mlango. Anagonga sana. Julian anatoka akiwa na damu kwenye kidevu, anasema ameteleza, anafutwa uso, anatandikwa kofi kwa kuharibu shati. Mama akasema basi, bata hafunguliwi leo, mtoto ameshaumia, pigeni picha mwondoke. Na Julian akabana midomo.

Miaka yote ile Hester aliamini kuwa alibana midomo kwa majivuno.

"Bibi? Bibi, unaumwa?"

"Hapana. Naenda nyumbani."

"Nikusindikize?"

"Una watoto wako, baki nao."

Treni ilikuwa imejaa, hakuna aliyempisha, hakugundua. Alifika kwake, hakuvua koti la buluu, akavuta droo mpaka vijiko vikamwagika sakafuni. Kikopo kilikataa. Akakichokonoa kwa kisu cha siagi, kisu kikapinda. Akachukua bisibisi, akajikata kidole, akatukana tusi ambalo baba yake asingeliandika, na mfuniko ukaruka.

Ndani mlikuwa na kipande cha pamba kuukuu, ya manjano, ile ya kujazia wanasesere wa zamani zile. Ndani ya pamba mlikuwa na jino. Lilikuwa limemeguka pembeni.

Hester akakaa chini katikati ya vijiko.

Alikuwa amejing'oa. Mtoto wa miaka minane, bafuni, mlango unagongwa, amechokoa jino la dada yake kwenye bata kisha akang'oa la kwake mwenyewe kwa vidole na kuliweka pale, ili kama bata atafunguliwa, kitakachotoka kiwe cha Julian kweli na cha Hester kisiguswe. *Niliweka jino langu ndani ya Tibbet.* Hakudanganya. Mbele ya waandishi wote wale alikuwa akimwambia yeye, yeye peke yake, huku akimtazama juu ya vichwa vya watu, na yeye akachukua koti.

Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, kilio alichokuwa anadaiwa tangu Aprili. Hakuna jirani aliyegonga ukuta.

Alipotulia akampigia Rosalind. Simu iliita sana.

"Nimekifungua," Hester akasema.

Rosalind akauliza, "Leo?"

"Leo. Rosalind, kwa nini hakuniambia tu? Alikuwa na kalamu, alikuwa na simu. Kadi zote zile!"

"Uliwahi kuisoma hata moja?"

Hester akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Alisema utakifungua hasira zikikuisha," Rosalind akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa mwanamke aliyechoka. "Nikamwambia, basi Julian, hakitafunguliwa. Akacheka. Ndivyo alivyokuwa."

"Ndiyo," Hester akasema. "Alikuwa anacheka sana."

Walikuwa wanawake wawili waliokuwa na mtu mmoja kati yao na sasa hawanaye. Rosalind akasema kuwa ameacha maji yanachemka jikoni, wakaagana.

Hester akawaza kulipeleka jino maktaba. Akamwona Thornquist akilipokea kwa mikono miwili. Jino kutoka droo ya vijiko! Hata Pilar angemshika mkono na kumwambia ndiyo, bibi, ndiyo. Na kibandiko, ukitaka ukweli, kilikuwa sahihi kila neno. Mtu aliyehitaji kujua alikuwa anajua tangu akiwa na miaka minane, na amefukiwa Oregon kwenye kaburi ambalo Hester hajui hata lina mti au halina.

Akaokota vijiko. Akanywa supu. Kabla ya kulala alilishika jino kiganjani kwa muda, akaona mahali pekee palipobaki pa kuliweka, akaliweka: chini ya mto. Akajicheka, kikongwe mzima. Kisha akalala usingizi mzito kama mtoto.

Asubuhi aliamka na theluji dirishani, na hakuinua mto. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye sakafu ya baridi, akangoja bila kujua anangoja nini, maana mto usipoinuliwa lolote linawezekana chini yake. Mlango alikuwa ameufunga kwa komeo. Ufunguo wa nyumba ile alikuwa nao yeye peke yake.

"Haya, Julian," akasema.

Akauinua. Jino lilikuwa palepale alipoliacha.